Dada amepimwa kila kitu, shemeji hajapimwa hata kimoja

Disemba inakaribia na ujumbe umeanza kuingia. Huu umetoka Moshi, kwa dada wa miaka 31, ndoa ya miaka minne na mimba haijashika. Mwaka huu hataki kupanda mgombani, kijijini kwa wakwe, kwa Krismasi, kwa sababu mwaka jana wifi yake alimwuliza mbele ya ukoo, mbege ikizunguka, "Sisi tutabeba lini?" Ameandika yote aliyofanyiwa: ultrasaundi tatu, vipimo vya homoni, dozi nne za "UTI sugu", na chupa mbili za dawa ya kusafisha kizazi alizonunua mtandaoni. Swali la kurudisha lilikuwa moja tu: shemeji amepima? Akajibu, "Yeye hana shida, yuko vizuri sana."

Kuwa vizuri chumbani ni habari nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji yanayotoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno. Mwanaume asiye na mbegu hata moja anaweza kumwaga kiasi kilekile, rangi ileile. Macho hayatoi majibu hapo, inahitajika darubini. Supu ya makongoro, mkuyati, vumbi la Kongo, hata kidonge cha duka la dawa, vyote hivyo vinalenga kusimama, havitengenezi mbegu. Wala mtoto aliyemzaa Singida miaka tisa iliyopita si cheti, kwani mwili wa miaka tisa iliyopita si huu wa leo.

Tunaita ugumba pale ambapo watu wamekutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijashika. Mwanamke akishapita miaka 35 asisubiri mwaka, miezi 6 inatosha kwenda kupima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia hali hii maishani. Na katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanaume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Nusu! Halafu anayezungushwa hospitali ni mmoja.

Kipimo cha shahawa ni rahisi na hakiumi, ila huharibiwa na mambo madogo. Mwanaume akae bila kumwaga siku 2 hadi 7. Chini ya hapo idadi inashuka, zaidi ya hapo mbegu nyingi zinakuwa zimechoka. Atumie kichupa cha mdomo mpana alichopewa maabara. Kondomu haifai, maana nyingi zina mafuta au dawa zinazodhuru mbegu. Asitumie sabuni, mate wala losheni. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo likidondoka nje aseme, asione aibu, maana kunyamaza kutampa karatasi ya uongo. Sampuli ifike mezani ndani ya saa moja, na ikiwezekana nusu saa. Hapa ndipo baridi ya Arusha inapoumbua watu: mtu anatoka Usa River mwezi wa saba, kichupa kimelala kwenye mkoba pembeni ya chupa ya maji, Hiace inasimama kila kituo. Kikifika kimepoa, mbegu zimezubaa, na karatasi inaandika "mwendo hafifu". Kichupa kinakaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Aliye mbali aombe kutolea palepale hospitalini.

Karatasi ikitoka, angalia namba hizi za chini zinazotumika tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, zenye umbo sahihi asilimia 4. Ndiyo, nne. Wapo wanaotoka maabara wakilia kwa sababu asilimia 95 ya mbegu zao "ni mbovu", kumbe ndivyo binadamu alivyo. Kuwa chini ya namba hizi hakumaanishi huzai, kunamaanisha safari inakuwa ndefu. Na karatasi moja mbaya haihukumu mtu. Mbegu hutengenezwa kwa siku 70 na ushee, kwa hiyo malaria kali ya mwezi uliopita bado imo kwenye sampuli ya leo. Rudia baada ya miezi mitatu.

Zikiwa sifuri, au chache mno, sababu nyingi zinajulikana. Inayoongoza kwa kuonekana ni mishipa ya korodani iliyovimba, varikosili, hasa upande wa kushoto. Mwanaume akisimama daktari anaipapasa kama fundo la minyoo, na akilala inapotea, ndiyo maana asipimwe akiwa amelala tu. Kisonono na klamidia, magonjwa ya zinaa, huacha makovu kwenye njia ya mbegu. Matubwitubwi baada ya balehe hushambulia korodani. Vivyo hivyo brusela, homa ya kunywa maziwa mabichi, na kwa mikoa yetu ya wafugaji hilo si jambo la kupuuza. Mwenye kisukari anaweza kumwaga kuelekea kwenye kibofu badala ya nje. Shahawa zikiwa kidogo sana, apimwe mkojo baada ya tendo. Joto nalo lina neno: korodani zinataka nyuzijoto 2 hadi 4 chini ya mwili, ndiyo maana zikaning'inizwa nje. Dereva anayekalia injini ya moto kutwa nzima kwa suruali ya kubana anazipikia.

Lakini linalokera zaidi ni sindano za testosteroni, homoni ya kiume, za jimu. Kijana anataka kifua, anachomwa, ubongo unaona homoni ipo tele na kuacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinaweza kufika sifuri. Akiacha, nyingi hurudi, ila baada ya miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Na wapo wanaume wanaochomwa hizohizo ili "kuongeza nguvu za kuzaa". Ni kufunga bomba halafu kulalamika maji hayatoki.

Kwa mwanamke maswali ni matatu: yai linapevuka? Mirija iko wazi? Kizazi kinapokea?

Yai hupevuka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kabla ya inayofuata, si baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 14, mwenye siku 35 ni kama siku ya 21. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, mbegu huweza kusubiri hadi siku 5, basi kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha bila kuhesabu kalenda. Kosa hilohilo lipo maabara: wote wanaandikiwa kupima projesteroni, homoni inayopanda yai likishapevuka, "siku ya 21", wakati mwenye mzunguko wa siku 35 anapaswa kupima kama siku ya 28. Anapimwa mapema, anaambiwa mayai hayapevuki, anaanza vidonge asivyovihitaji. Hedhi inayoruka miezi pamoja na ndevu na chunusi, fikiria vifuko kwenye ovari. Maziwa yanayotoka bila mtoto, pima prolaktini, homoni ya maziwa. Rovu, mapigo ya moyo kwenda mbio au uchovu usioisha, pima homoni za tezi ya shingo. Aliyetoka kwenye sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango asitishike: kwa kawaida mimba huchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho.

Mirija ndiyo kidonda chetu. Klamidia kwa wanawake wengi haitoi dalili yoyote, ipo kimya, inaacha makovu. Maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika hufanya hivyohivyo, na kifua kikuu cha kizazi pia, hata kwa asiyekohoa. Kovu haliyeyushwi na chai, dada zangu, wala kwa kujisafisha ndani kwa ndimu, kunakokaribisha maambukizi mapya. Na ultrasaundi ya kawaida haioneshi kama mrija uko wazi. Inahitajika picha ya mirija kwa dawa, yaani eksirei inayopigwa dawa ikipitishwa kwenye kizazi, baada ya damu kukata na kabla yai halijapevuka, bila kukutana tangu hedhi ianze. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla, na si kwa starehe tu: mrija ukikaza kwa maumivu kwenye kona ya kizazi, picha inaonesha umeziba wakati uko wazi. Ukiambiwa yote miwili imezibia hapo mwanzoni, uliza kama inafaa kurudia kabla ya kukubali kisu.

Kizazi nitakipita haraka: uvimbe unaosumbua mimba ni ule unaoingia ndani ya chumba cha kizazi. Ulioota kwa nje mara nyingi hauna kosa.

Sasa kwa dada wa Moshi. Picha ya mirija uliyopangiwa isubiri wiki mbili. Mwambie shemeji daktari hafungui faili la mmoja, kwani kwa kweli daktari makini huwataka wote wawili. Akiweka ngumu, mtumie yule kaka yake mnayeelewana, si mama mkwe. Tendo la mwisho Jumamosi usiku, Jumanne asubuhi awe maabara na kichupa mfuko wa ndani. Na kama aliugua homa tangu Septemba, iandikwe kwenye fomu, pale juu, karibu na jina.