Kwa unayeanza uchambuzi wa sera: uliza swali la pili

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilirudia kosa moja. Nilichukua idadi ya malipo ya mwaka uliopita, nikazidisha kwa ushuru unaopendekezwa, nikaandika mapato. Hesabu ilikuwa sahihi. Watu ndio hawakubaki pale nilipowaweka.

Nadharia ya mifumo changamani ndiyo iliyonifumbua macho. Jina lisikutishe. Inasema kwamba watu wanaotazamana na kuigana huzaa matokeo ambayo huwezi kuyapata kwa kujumlisha mmoja mmoja. Serikali ikifanya jambo, watu hujibu, na jibu lao hubadilisha uwanja wenyewe.

Chukua tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Lengo lilikuwa jema: vituo vya afya, madarasa. Lakini aliyekuwa akimtumia mama yake pesa kila wiki huona bora angoje mwisho wa mwezi. Mwingine humkabidhi dereva wa basi bahasha. Wateja wakipungua, kamisheni ya wakala inashuka, naye anafunga kibanda mapema. Mteja aliyebaki akikuta pamefungwa mara mbili tatu, anarudia kutunza pesa mkononi. Tozo haijapanda hata senti, ila athari yake inazidi kukua. Malalamiko nayo yakawa sehemu ya mfumo: Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikapunguzwa tena.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, nenda ukakae na wakala nusu siku. Muulize: "Tozo ikija utafanyaje?" Kisha uliza swali la pili, ambalo wengi hulisahau: "Na wenzako wote wakifanya hivyo, wewe utafanyaje?" Mimi nimejifunza mengi zaidi kwenye jibu la hilo la pili.

Ila usiitumie nadharia hii kama kichaka cha kujifichia, ukaandika kwamba mambo ni magumu na hayatabiriki. Taja mapema dalili zitakazokuonyesha umekosea, na wiki utakayozitazama. Kwa tozo kama ile, ningeanza na idadi ya miamala midogo, wiki kwa wiki, maana mwenye kipato kidogo ndiye anayehama kwanza.