Mafuta ya kupashia nyumba joto kwenye pikapu ya dizeli

Ukitia mafuta ya kupashia nyumba joto kwenye pikapu ya dizeli, injini itawaka na gari litakwenda, kwa kuwa mafuta ya nyumba ya daraja linaloitwa namba 2 ni karibu sawa na dizeli namba 2. Ila usiyatie kwenye gari la barabarani. Hapo Marekani yanatiwa rangi nyekundu kwa vile hayajalipiwa kodi ya barabara. Rangi ikikutwa kwenye tangi, faini ya serikali kuu ni dola 1,000 au dola 10 kwa galoni, ile iliyo kubwa zaidi, na yote ni kwa kukwepa kodi ya senti kama 24 kwa galoni! Jenereta ya nyumbani haihusiki na kodi hiyo, lakini ikiwa injini ni mpya yenye chujio la moshi, hakikisha salfa iliyomo kwenye mafuta haizidi 15 ppm (sehemu 15 kwa milioni).