Camaro ya 1969 ya 1:64: kwa nini rangi mpya inabanduka na kupata weupe kama ukungu

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi mpya ya kigari chako cha kuchezea cha Camaro (kipimo 1:64, yaani kidogo mara 64 kuliko gari halisi) inabanduka kwenye kingo za milango na kupata weupe kama ukungu juu ya paa, ilhali bombe (kopo la rangi ya kupulizia) ulilonunua ni zuri. Hizo ni shida mbili: kubanduka kunatokana na jinsi bodi ilivyoandaliwa, ukungu unatokana na mvua za hapa Lubumbashi.

Kwanza geuza kigari uangalie magurudumu. Kama ni kigari halisi cha kampuni ya Hot Wheels cha 1968 hadi 1977, yenye mstari mwekundu kwenye tairi, usiipake kabisa, hata ikiwa imechubuka. (Mstari huo umerudishwa kwenye matoleo mapya pia, kwa hiyo soma na maandishi yaliyo chini ya kigari.)

Kuifungua: tia alama katikati ya kichwa cha riveti (kipini cha chuma kinachoshika bodi na sehemu ya chini) kwa msumari mkali, la sivyo meshi (ncha ya kutobolea) itateleza. Toboa kwa meshi ya mm 1.6, kina cha mm 5 hivi. Kisha weka meshi ya mm 3.5, polepole, na uache mara tu pete ya kichwa inapoachia. Ukizidisha unakula nguzo ya ndani ya riveti, na skrubu haitakuwa na pa kushika. Tundu la mm 1.6 ndilo la skrubu ya M2 (unene wa mm 2). Skrubu hizo zimo kwenye kompyuta mpakato mbovu, zile za simu mara nyingi ni nyembamba mno.

Sasa bodi. Toa vioo na viti vyote, ndipo uizamishe bodi kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo ili rangi ya zamani itoke, nje ya nyumba, mbali na mbabula. Watu wengi hapa hutumia soda kostiki ya kutengenezea sabuni kwa kuwa ni rahisi kupata. Usiitumie: bodi ni zamaki, yaani zinki yenye aluminiamu kama asilimia 4, na soda hiyo hula vyote viwili. Bodi hubaki nyeusi yenye vishimo, na rangi haishiki juu yake.

Baada ya hapo piga msasa wa 600, kisha 1000, osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki, kausha. Kuanzia hapo shika kwa glavu. Mafuta ya vidole pamoja na kuacha kupaka rangi ya msingi (ile ya kwanza inayoshikilia nyingine) ndiyo hubandua kingo, maana hapo rangi huwa nyembamba zaidi.

Pulizia rangi ya msingi, kisha ya juu, kutoka sentimita 20 hadi 25, tabaka jepesi, dakika 10 hadi 15 kati ya moja na jingine. Ukungu wako unakuja hivi: kiyeyushi cha rangi kikigeuka mvuke hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa unageuka matone juu yake. Kwenye mvua subiri mchana wenye jua. Bombe lipashe kwenye maji ya vuguvugu tu, kamwe si juu ya moto. Kiangazi adui ni vumbi jekundu: nyunyiza maji sakafuni, funika kigari kwa katoni.

Mistari ya Camaro pima kwa kugawanya kwa 64. Mstari wa sentimita 20 kwenye gari halisi unakuwa mm 3 na kidogo. Ukitaka ile iliyotangulia magari ya mashindano ya Indianapolis 500 mwaka 1969 (gari la kuongoza msafara, si mshindani), bodi ni nyeupe na mistari ni ya chungwa. Anza na nyeupe, acha ikauke siku nzima, ndipo ubandike skochi (utepe wa kunata), upulizie ya chungwa, na ubandue skochi wakati rangi hiyo bado ni laini kidogo.