Nina vyeti 14 vya semina, potifolio yangu iwe na kurasa ngapi?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha uhasibu kwenye chuo kimoja cha serikali huku Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa 3. Idara imetuambia mwezi wa 6 kuna tathmini na kila mtu alete potifolio ya ufundishaji, yaani faili la kuonyesha anavyofundisha. Nina vyeti 14 vya semina, slaidi za kozi zangu zote 3, na wanafunzi wamenipa wastani wa 4.5 kati ya 5. Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anaandaa kwa 150,000, anasema inatoka kurasa 120 na kubaindi juu yake. Niweke vyote au nichague? Na kurasa ngapi zinatosha?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kurasa ni 8 mpaka 10 za maelezo yako mwenyewe, halafu viambatisho, labda idara iwe imetoa fomu yake. Kipimo hicho si changu, ndicho walichokuwa wanashauri Wamarekani walioieneza hii kitu vyuoni kwao miaka ya 1990, na wao waliichukua kwa Wakanada. Slaidi usiweke. Hayo ndo majibu, sasa tuzungumze kuhusu vyeti na huyo jamaa yako wa laki na nusu maana kila msimu wa tathmini nakutana na swali hilihili na kila mwaka linanikera upya.

Cheti cha semina kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Ulisaini asubuhi, ukanywa chai na sambusa, ukasaini jioni, basi. Nimekaa kwenye kamati ya hizi tathmini miaka kadhaa na mafaili yanaletwa yamejaa vyeti mpaka spairo inakatika, unafungua unafungua unatafuta sehemu mtu anasema nilikuwa nafundisha hivi, wanafunzi wakakwama hapa, nikabadilisha hivi, hupati. Mtu ana cheti cha kutunga mitihani halafu mtihani wake wa mwaka huu ni uleule wa mwaka juzi, kabadilisha tarehe tu! Katika hivyo 14 chukua 2, na chini ya kila kimoja andika mistari mitatu minne, darasani kwako kilibadilika nini baada ya pale. Ukikosa cha kuandika basi hicho cheti kiache nyumbani.

Nikupe mfano wa fani yako. Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha salio la daftari lako la fedha na salio la taarifa ya benki. Wewe mwenyewe unajua wanafunzi wanakariri kwamba hundi ulizoandika ambazo wenyewe hawajazipeleka benki "zinajumlishwa". Sawa, zinajumlishwa ukianzia na salio la daftari la fedha. Ukianzia na salio la taarifa ya benki zinatolewa. Sasa tunga swali la jaribio la kwanza linaloanzia upande wa benki uone nusu ya darasa inavyojumlisha kwa kujiamini kabisa. Huo sasa ndo ushahidi. Chukua karatasi moja ya mwanafunzi aliyekosea, ziba jina na namba ya usajili (wengi wanasahau hili, na ni kosa kubwa kuliko wanavyodhani), piga skani. Weka na zoezi ulilowapa baadaye, mfano wiki iliyofuata uliwapa salio lilelile waanzie pande zote mbili na waeleze kwa maneno kwa nini alama inageuka. Halafu weka matokeo ya swali la aina hiyo kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, wangapi walipata na wangapi bado walikosa. Na hao waliokosa uwataje humohumo, usifiche, kamati haijawahi kuona darasa lililoelewa lote. Kurasa 3 hizo zinashinda kurasa 100 za slaidi.

Hiyo 4.5 nayo. Waliojaza ni wangapi? Kama darasa lina watu 180 na fomu wamejaza 22, hao 22 ni CR (kiongozi wa darasa) na rafiki zake pamoja na wale wanaokaa mbele. Andika idadi pembeni ya wastani, sisi tutauliza tu. Canada mwaka 2018 msuluhishi aliamua kwamba Ryerson, chuo cha Toronto ambacho sasa kimebadilishwa jina, kisitumie wastani wa fomu za wanafunzi kupima ubora wa ufundishaji kwenye kupandisha watu vyeo, maana mwanafunzi anaweza kusema kama sauti inafika nyuma au kama mwalimu anawahi kipindi, ila kama umefundisha ipasavyo hilo hana namna ya kulijua. Mimi sisemi uzitupe. Chagua malalamiko mawili yaliyojirudia, la kuwa unaenda mbio kwa mfano, uonyeshe ulifanya nini. Na mwombe mwenzako wa idara akae nyuma ya darasa kipindi kimoja aandike alichokiona, asiwe rafiki yako wa chai.

Na kabla hujauliza, PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, ni kitu kingine, kule unajaza majukumu na malengo, ukiyakopi na kuyapesti huku itaonekana ndani ya dakika moja.

Sasa huyo fundi wa grupu. Anafanya kazi kwa templeti moja, anabadilisha jina na kozi. Mwaka mmoja tulipokea potifolio 4 kutoka idara tofauti, zote falsafa ya ufundishaji inaanza na "Ninaamini kila mwanafunzi ni wa kipekee", mpaka koma ziko palepale, na moja mwalimu wa takwimu ameeleza anavyowapeleka wanafunzi wodini! Tulicheka, ila wenzetu wale walirudi nyumbani bila daraja na wengine waliitwa kujieleza. Kuna na hawa wanaoiambia akili mnemba iwaandikie, mambo ni yaleyale, Kiingereza kimenyooka lakini darasa halimo. Wanaouza hivi vitu hawajawahi kukaa upande wa pili wa meza, wanadhani sisi tunapima uzito wa faili kama nyama buchani. Hiyo hela kanunue kabati la kufunga na kufuli uanze kutunza karatasi.

Na uwahi. Karatasi za majaribio ya muhula uliopita kama bado zimerundikwa kwenye kona ya ofisi, kesho asubuhi nenda kachambue, maana wakishapita na zoezi la kuchoma za zamani hutakuwa na cha kupiga skani.