Sentilita kwenda mililita: unazidisha au unagawanya?

Mkuu, umeuliza utajuaje wakati wa kuzidisha na wakati wa kugawanya unapobadili vipimo vya ujazo, maana ile ngazi ya kilo, hekto, deka kila ukiikariri inakutoka. Mimi niliikariri ikakaa, na bado iliniponza.

Nilikuwa napulizia miche ya nyanya mbolea ya maji. Lebo ilisema mililita 3 kwa kila lita ya maji. Bomba langu la mgongoni linabeba lita 16, kwa hiyo nilihitaji mililita 48. Kikombe nilichokuwa nacho kina mistari ya sentilita, nami nikajaza hadi 48. Siku mbili baadaye kingo za majani zilikuwa za kahawia, ukizigusa zinavunjikia vidoleni. Sentilita 48 ni mililita 480. Miche ile nzuri niliilisha mara kumi ya kiasi chake.

Tangu hapo ngazi naiacha kwanza. Najiuliza: kipimo ninachokwenda ni kidogo au kikubwa kuliko hiki nilicho nacho? Kikiwa kidogo vitahitajika vingi, basi namba lazima ipande, nazidisha. Kikiwa kikubwa namba inashuka, nagawanya. Sentilita ni kubwa kuliko mililita, kwa hiyo 48 ilipaswa kushuka hadi 4.8. Ukilishika hilo, yanabaki haya tu: lita 1 ni desilita 10, sentilita 100, mililita 1,000.

Penye mita za ujazo ndipo wengi wanapoteleza. Wanajua mita ina desimita 10, wanadhani mita ya ujazo ina lita 10, au 100. Lita ni mchemraba wenye desimita 1 kila upande. Ipange ndani ya sanduku la mita 1: michemraba 10 kwa urefu, 10 kwa upana, kisha matabaka 10 kwenda juu. Ni lita 1,000. Kwa hesabu hiyohiyo mililita 1 ni sentimita 1 ya ujazo, ile "cc" ya kwenye bomba la sindano.

Kama una tangi la mstatili, lipime kwa desimita tangu mwanzo. Lenye mita 1.2 kwa 1 kwa 0.5 ni 12 × 10 × 5, yaani lita 600, na hujabadili kipimo chochote cha ujazo.