Barua kwa Mwanangu Kuhusu Chakula cha Pamoja

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia, na swali lako nimelitafakari. Unauliza kama kuna haja ya wewe na mkeo kuhangaika na jiko, ilhali mnarudi usiku mmechoshwa na foleni, na hapo Kimara chipsi mayai na wali wa mama lishe vinapatikana hatua chache kutoka mlangoni, kila mtu akala kwa saa yake. Haja ipo, mwanangu, tena kubwa, ingawa sitakuambia mpike kila siku, maana najua jiji hili linavyokula muda wa mtu.

Mama lishe ninawaheshimu. Sisi tuliofanya kazi bandarini tulikula mchana kutoka mikononi mwao kwa miaka mingi, na walitupikia vizuri. Hata hivyo, chakula cha kununua humfikia mlaji kazi yake ikiwa imekwisha, wakati cha nyumbani huanza kuwakusanya watu kabla hakijaiva.

Utazame wali wa nazi tuliowalea nao. Lazima mmoja akae kwenye mbuzi akune, mwingine akamue na kuchuja, tui zito liwekwe kando, kisha chicha itiwe maji tena ili lipatikane tui jepesi. Mchele nao unachaguliwa, na kazi hiyo ilikuwa yenu watoto. Tui jepesi likichemka na chumvi yake, mchele unaingia. Likikaribia kukauka, tui zito linamiminwa juu, sufuria inafunikwa na makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Kwa mchuzi wa samaki uangalifu huzidi, kwa sababu tui zito lisipokorogwa mpaka lichemke hukatika, likabaki mafuta upande mmoja na maji upande mwingine, hivyo ni lazima mtu asimame pale na upawa asibanduke. Aliyesimama huzungumza na anayemenya vitunguu. Habari nyingi za shuleni kwenu, hata zile mlizokusudia kutuficha, mama yenu na mimi tulizisikia mkiwa mmeinamia ungo wa mchele.

Kisha kuna kula kwenyewe. Uliniandikia kwamba wajukuu zangu hulishwa mapema mbele ya televisheni, na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Sisi tulitandika mkeka, mdogo akazunguka na birika na bakuli watu wanawe, na sinia ikawekwa katikati. Kila mmoja alikula upande wake, hakuna aliyevuka kwenda kuchokoa samaki wa mwenzake, na minofu iligawiwa na mama yenu akimtazama kwanza asiyejua kutoa miiba. Mtoto anayekula hivyo hujifunza kila usiku, bila kuhubiriwa, kwamba aliye mbele yake naye ana njaa. Nami nilijua mapema nani anaumwa na nani ana jambo moyoni, kwa kuwa mkono wake ulipungua kasi. Siijui njia nyingine ambayo ingenipa habari hizo.

Anzeni na Jumapili peke yake, na tafadhali usimwachie mkeo mzigo huo. Mwanamume anayesubiri kuitwa mezani amekosa sehemu kubwa ya furaha. Panda basi la mwendokasi asubuhi mpaka Kivukoni, kutoka hapo soko la samaki la Feri ni kwa miguu, nawe uende na mwanao mkubwa. Mwonyeshe samaki mbichi anavyojulikana: jicho angavu lililotuna, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza. Changu au kolekole atawatosha. Mkifika nyumbani, yeye ndiye amweleze mama yake mlivyochagua, kisha mparue magamba wenyewe.

Siku za kazi zinahitaji wepesi. Maharage yakilowekwa usiku na kuchemshwa kwa wingi huungwa kwa nazi leo na kwa nyanya kesho, yakiwa yamehifadhiwa kwenye jokofu, na mchicha hauhitaji hata nusu saa. Ikiwa ni ugali na dagaa tu, kaeni nao pamoja, simu zikiwa chumbani. Pikeni pia kwa kuzidisha kidogo, kwa sababu nyumba yenye watoto haikosi mtoto wa jirani, na mwanao akizoea kusema karibu atasema hivyo hata sisi tusipokuwepo.

Jambo moja zaidi. Mkeo amekulia Bukoba, kwao ndizi na maharage hupikwa chungu kimoja, na kila akija kwetu husifu nazi ya mama yako bila kutaja kabisa chakula cha kwao. Mwombe akufundishe kupika ndizi hizo, umenye wewe, yeye akuelekeze, watoto wakiwa karibu. Mkishazoea, mama yako na mimi tutakuja kula.

Baba yako akupendaye