Hatujui, mwanangu: kuzungumza na mtoto wa kuasili kuhusu alikotoka

Mwanangu alikuwa na miaka minane siku tuliyompeleka kwa daktari mpya, hapa Dayton, Ohio. Muuguzi akaanza na maswali ya ukoo: kuna mwenye kisukari? Presha? Selimundu? Nikamjibu upesi ili tumalize: "Hakuna, hakuna, hakuna." Mtoto kimya. Tulipofika kwenye gari, huku anafunga mkanda, akasema bila kuniangalia, "Mama, umesema hakuna. Hatujui."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii, na ndiyo inayonifanya niandike. Wazazi wenzangu mlioasili watoto kutoka nchi nyingine mnaniuliza mseme nini mtoto akianza kuuliza. Hapo pa kusema "hatujui" ndipo pagumu kuliko kote, na wengi wetu tunaparuka.

Sisi tulimwasili Lubumbashi. Mahakama ilitoa hukumu mwaka 2013, hajafikisha hata miaka miwili. Septemba mwaka huohuo serikali ya Kongo ikasimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Hukumu mkononi, jina letu analo, lakini kutoka haruhusiwi. Vibali vya watoto wengi vilikuja kupatikana mapema mwaka 2016. Katikati hapo alilelewa na mama mmoja wa Lubumbashi, na sisi tukaenda kumwona mara mbili. Kwa hiyo alipofika huku alikuwa na miaka minne na kitu, anaongea Kiswahili cha kwao, na anakumbuka.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa nimekisikia tangu utotoni, nikajiona niko tayari. Usiku wa kwanza akaomba bukari na sombe. Nikampikia, kisha nikamsahihisha: sema ugali, sema kisamvu. Niliendelea hivyo miezi kadhaa, nikidhani namfundisha. Siku moja nikamsikia anamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba yeye Kiswahili hajui. Niliumia sana, maana mtoto alikuja na kitu kimoja tu cha kwao ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya, na mimi nikakifanya kosa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunakula bukari. Ukiwa na mtoto aliyekuja na lugha yake, hata maneno kumi, yatunze kama unavyotunza vyeti.

Mara nyingi naulizwa mtoto aanze kuambiwa akiwa na umri gani. Anza kabla hajaelewa, ili asije kukumbuka siku aliyoambiwa. Mdogo mpe kifupi: ulizaliwa na mama mwingine, ukalelewa na Mama wa Lubumbashi, ukaja kwetu. Kadiri anavyokua unaongeza, ila usije ukalazimika kufuta ulichosema jana.

Chagueni maneno pia. Kwenye sherehe moja mgeni alimshika kichwa akasema, "Kumbe huyu ndiye mliyemwokota Kongo!" Hakuwa na nia mbaya. Lakini shilingi huokotwa, ndala huokotwa. Nilijibu palepale, mtoto akinisikia: "Tumemwasili." Napenda kwamba neno hilo lina "asili" ndani yake. Vilevile wakatazeni ndugu kumwambia mtoto ashukuru kwamba ametolewa kule. Kule ndiko kulikomlea miaka yake minne ya kwanza.

Neno lililonisumbua zaidi ni yatima. Watu walilitaka, kanisani na kwenye simu za ndugu, kwa sababu linafunga mjadala. Karatasi yetu ya mahakama imeandika kwamba wazazi hawajulikani, na kutojulikana si kufa. Ubelgiji ilikuja kubainika, kwa vipimo vya vinasaba, kwamba baadhi ya watoto walioasiliwa kutoka Kongo kama yatima walikuwa na wazazi hai waliokuwa wakiwatafuta. Nilipoisoma habari hiyo sikulala. Sina sababu ya kudhani ndivyo ilivyokuwa kwetu, lakini sitamwambia mwanangu kwamba mama aliyemzaa amefariki ili tu mimi nipumzike. Wala sitamwambia kwamba alimwachia wengine kwa sababu alimpenda sana. Inawezekana. Ila mama yule sikuwahi kumwona, nitamsemeaje?

Baada ya ile siku ya kliniki tulinunua daftari kubwa la mistari. Ukurasa wa kushoto tunaandika tunayoyajua, pamoja na aliyetuambia. Wa kulia, tusiyoyajua. Kushoto: "Mji: Lubumbashi. Karatasi ya mahakama." Kulia: "Siku ya kuzaliwa," kwa sababu ile iliyo kwenye pasipoti ni makadirio ya daktari aliyemtazama meno. Nilihofu ukurasa wa kulia utamvunja moyo. Kumbe ndio anaoupenda, yeye mwenyewe ndiye anayeujaza: kabila langu, nani mwingine ana masikio kama haya, kovu la goti.

Kuna swali ambalo halikuhitaji daftari. Alikuwa na miaka sita, tunakunja nguo, akauliza, "Mlipokuja mkaniona halafu mkaondoka, nilikosa nini?" Nilitaka kumkumbatia tu niseme tulikuwa tunakupenda. Badala yake nilikwenda kuchukua pasipoti yangu ya zamani. Nikamwonyesha mihuri ya kuingia na kutoka Kongo, barua tulizoandika kuomba kibali, tarehe baada ya tarehe. Akazipanga sakafuni, akahesabu kumi na saba. Akauliza kama watoto wengine nao walisubiri. Ndiyo, mamia. Basi akalia, na nikamwacha alie bila kumwambia nyamaza. Mtoto anayelilia alikotoka hajakukataa wewe, na ukimwahi kumbembeleza atajifunza kukuficha.

Mama wa Lubumbashi bado tunaye, namshukuru Mungu. Jumapili tunampigia kwa WhatsApp. Mwanzoni nilikuwa nakaa pembeni, narekebisha, natafsiri. Sasa natoka chumbani. Wiki tatu zilizopita nikiwa jikoni nilimsikia mwanangu, sauti imeanza kuwa nzito, anamuuliza kuhusu goti. Mama akacheka kwa nguvu: "Ulikuwaka unakimbiza kuku wa jirani! Ukaanguka kwenye matofali."

Alipokata simu alichukua daftari. Upande wa kulia akachora mstari juu ya "kovu la goti." Upande wa kushoto akaandika: "Kovu la goti: kuku wa jirani, matofali. Amesema Mama wa Lubumbashi."